Ufa katika Python: Hesabu ya kugawanya iliyosubiri miaka 17

MWALIMU akimtaka mwanafunzi wa shule ya msingi agawe 1 kwa 2, hutarajia jibu la nusu. Lugha ya kompyuta iitwayo Python ilipoulizwa swali hilohilo ilijibu sifuri, na ikashikilia jibu hilo tangu ilipotolewa kwa umma mwaka 1991 hadi toleo lake la tatu lilipotoka mwishoni mwa mwaka 2008.

Si kwamba waliotunga lugha hiyo hawakujua hesabu. Walijua, na kufikia mwaka 2001 walikwisha kukubaliana jinsi ya kuirekebisha kasoro hiyo. Hata hivyo, iliwabidi kusubiri miaka mingine saba kabla ya kulitekeleza rekebisho hilo kikamilifu.

Kisa hicho kinafichua jambo ambalo watumiaji wengi wa kompyuta hawalifahamu. Kuongeza kitu kipya katika lugha ya kompyuta ni kazi nyepesi ikilinganishwa na kusahihisha cha zamani, maadamu kile cha zamani, hata kikiwa na ila, tayari kina watu waliokitegemea.

Lugha ya kompyuta ni mkusanyiko wa maneno, alama na kanuni ambazo binadamu huzitumia kuiamuru mashine ifanye kazi. Kama ilivyo kwa lugha za watu, hukua na kubadilika. Tofauti ni kwamba mabadiliko yake hutangazwa kwa tarehe na kupewa nambari. Kila nambari ni toleo, na kila toleo aghalabu huja na mambo mawili: vipengele vipya ambavyo havikuwapo awali, na marekebisho ya kasoro zilizogunduliwa katika toleo lililotangulia.

Python ilianza kuandikwa Desemba 1989 na Guido van Rossum, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa hisabati na kompyuta, CWI, jijini Amsterdam. Alitumia likizo ya Krismasi kuianza kazi hiyo. Jina la lugha hiyo halikutokana na chatu, kama wengi wanavyodhani, bali na kipindi cha vichekesho cha shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, kilichoitwa Monty Python's Flying Circus.

Kabla ya hapo, van Rossum alikuwa miongoni mwa walioshughulikia lugha nyingine katika taasisi hiyo, iliyoitwa ABC. Lugha hiyo ilikusudiwa watu wasio na ujuzi mkubwa wa kompyuta, lakini haikuenea sana. Kutokana nayo alichukua mema aliyoyaona, likiwamo lile la kupanga mistari ya programu kwa kuiingiza ndani ili kuonyesha ipi iko chini ya amri gani, badala ya kutumia mabano kama zifanyavyo lugha nyingine nyingi.

Toleo la kwanza kutolewa kwa umma lilikuwa 0.9.0, mnamo Februari 1991. Ingawa nambari hiyo iliashiria kazi ambayo haijakamilika, toleo hilo tayari lilikuwa na nguzo kuu zinazoitambulisha Python hadi leo: orodha, kamusi za kuhifadhia taarifa kwa majina yake, namna ya kuunda aina mpya za vitu na kuzirithisha sifa, pamoja na utaratibu wa kushughulikia makosa yanapotokea programu ikiendelea kufanya kazi.

Toleo la 1.0 lilifuata Januari 1994. Miongoni mwa vilivyoongezwa ni amri nne zilizoitwa lambda, map, filter na reduce. Hizi hazikutoka kwa van Rossum mwenyewe. Zilitolewa na mtumiaji aliyekuwa ameizoea lugha kongwe ya Lisp, akazikosa katika Python, akaziandika mwenyewe na kuzituma. Zilipokewa na kutiwa ndani.

Tukio hilo linaonyesha wepesi wa kuongeza. Aliyekuwa na programu yake ya zamani hakupoteza lolote kwa kuja kwa amri hizo. Asiyezitaka aliziacha, na kazi yake ikaendelea kama kawaida. Kipengele kipya ni kama chumba kinachojengwa kando ya nyumba: wakazi wa nyumba hawalazimiki kuhama.

Marekebisho ni kisa kingine. Hayo hugusa msingi wenyewe.

Mfano wa rekebisho lililofanikiwa bila kuzua zogo ulipatikana katika toleo la 2.0, lililotoka Oktoba 2000. Tangu mwanzo, Python ilikuwa ikisimamia kumbukumbu ya kompyuta kwa kuhesabu. Kila kitu kilichowekwa katika kumbukumbu kilikuwa na hesabu ya idadi ya mahali kinakotajwa. Hesabu hiyo ilipofika sifuri, Python ilijua kwamba hakuna tena anayekihitaji, ikakiondoa na kuiacha nafasi yake wazi.

Utaratibu huo ni mzuri, ila una udhaifu mmoja. Vitu viwili vikitajana, kila kimoja humhesabia mwenzake moja, na hesabu haifiki sifuri kamwe hata kama programu nyingine yote imekwisha kuvisahau. Ni sawa na wanachama wawili wa chama cha akiba waliodhaminiana: ukimuuliza huyu dhamana yake iko wapi, anamwonyesha mwenzake, na mwenzake anamwonyesha yeye, ilhali hakuna aliye na chochote mfukoni.

Kwa programu inayofanya kazi dakika mbili kisha ikazimwa, udhaifu huo haukuonekana. Lakini kwa programu inayohudumia watu mchana na usiku, vitu kama hivyo vilirundikana polepole hadi kumbukumbu ya mashine ikajaa. Toleo la 2.0 lilileta mfagiaji maalumu, anayepita mara kwa mara kutafuta vitu vinavyotajana vyenyewe tu na kuviondoa. Programu za zamani hazikuhitaji kubadilishwa hata mstari mmoja.

Toleo hilohilo lilileta pia njia fupi ya kuunda orodha mpya kutokana na orodha iliyopo. Kazi iliyohitaji kuanza na orodha tupu, kupitia vitu kimoja kimoja na kuvitia ndani, sasa iliweza kuandikwa katika mstari mmoja. Wazo hilo lilitoka katika lugha nyingine, ikiwamo Haskell, na limekuwa mojawapo ya mambo yanayopendwa zaidi na waandishi wa Python.

La tatu lilihusu maandishi. Matoleo ya mwanzo yalichukulia kwamba herufi moja ni baiti moja. Kwa Kiingereza hilo halikuleta tatizo, na hata kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini, kwa kuwa hakina alama za juu wala chini ya herufi. Lakini kwa Kiarabu, Kiamhari au Kichina, mpango huo haukutosha. Hata miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu katika mwambao wa Afrika Mashariki isingeweza kuhifadhiwa kwa njia hiyo bila mashaka.

Python 2.0 ilianza kutumia Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi ya kila hati nambari yake ya pekee. Hata hivyo, ili kutowaudhi waliokuwa na programu za zamani, waundaji waliiacha aina ya kale ya maandishi mahali pake na kuiongeza ile mpya kando. Tangu hapo, lugha ikawa na aina mbili za maandishi zilizochanganyika kimyakimya.

Athari yake ni kwamba programu iliweza kufanya kazi vyema miezi mingi, mradi tu majina yaliyoingizwa yalikuwa ya herufi za kawaida za Kiingereza. Siku ambapo mteja mwenye herufi isiyo ya kawaida katika jina lake alijiandikisha, programu ilikwama. Ufa uliofunikwa kwa rangi ulibaki kuwa ufa.

Ni katika mazingira hayo ambapo suala la kugawanya liliibuka kwa nguvu.

Kasoro yenyewe ilikuwa na asili inayoeleweka. Katika ABC, nambari zilihifadhiwa kama akisami kamili, bila kupunguzwa hata chembe. Jambo hilo linavutia kwa usahihi wake, lakini van Rossum aliwahi kusimulia kwamba alipoandika kwa ABC programu ya kukokotoa kodi yake, ilikuwa ya polepole mno. Alipochunguza, aligundua kwamba mashine ilikuwa ikibeba nambari zenye maelfu ya tarakimu, ilhali jibu lililohitajika lilikuwa la fedha na senti tu.

Kwa hivyo, alipounda Python aliliacha wazo hilo na kufuata lugha ya C, iliyokuwa ikitumiwa na wataalamu wengi. Katika C, nambari nzima ikigawanywa kwa nambari nzima, jibu huwa nambari nzima, na sehemu inayobaki hutupwa. Hivyo 7 ikigawanywa kwa 2 hutoa 3, na 1 kwa 2 hutoa sifuri. Lakini nambari mojawapo ikiandikwa kwa nukta ya desimali, jibu linakuwa la desimali.

Hatari ya kanuni hiyo huonekana katika mfano mwepesi. Tuseme mwalimu ameandika programu ya kugeuza alama za mtihani ziwe asilimia: gawa alama za mwanafunzi kwa jumla, kisha zidisha kwa 100. Mwanafunzi amepata 45 kati ya 60. Python ya zamani ingegawa 45 kwa 60, ipate sifuri, kisha izidishe sifuri kwa 100. Mwanafunzi aliyestahili asilimia 75 angepewa sifuri.

Mwenzake aliyepata 45.5 angepewa asilimia 75 na ushei, kama inavyostahili, kwa sababu tu alama zake zina nukta. Programu ni ileile, mstari ni uleule, na hakuna onyo lolote lililotolewa. Iwapo mwalimu alikuwa ameijaribu programu yake kwa alama zenye nukta pekee, angeapa kwamba haina dosari.

Katika lugha ya C, mwandishi hulazimika kutangaza mapema kama nambari fulani ni nzima au ni ya desimali, kwa hivyo msomaji wa programu hujua cha kutarajia. Python haina sharti hilo. Jina lilelile laweza kubeba nambari nzima sasa na ya desimali baadaye. Kanuni iliyokuwa salama katika C iligeuka mtego ilipohamishiwa kwenye Python.

Waliouona mtego huo wazi ni wale waliowafundisha wanagenzi. Watafiti wa mradi wa Alice, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, walitumia Python kuwawezesha wanafunzi wasio wataalamu kuunda michoro inayotembea. Walilazimika kuifanyia lugha hiyo mabadiliko mawili kwa ajili ya wanafunzi wao: ya kwanza, isitofautishe herufi kubwa na ndogo, ya pili, 1 kwa 2 iwe nusu.

Van Rossum aliukubali ushahidi kuhusu kugawanya, na Machi 2001 pendekezo rasmi likaandikwa, likapewa nambari 238. Mapendekezo ya aina hiyo yalikuwa yameanzishwa mwaka mmoja kabla, ili kila badiliko kubwa lijadiliwe hadharani na sababu zake zihifadhiwe kwa maandishi.

Mjadala uliofuata ulikuwa mkali. Hoja ya waliopinga haikuwa ya kupuuzwa. Kwa miaka kumi, watu walikuwa wameandika programu zilizotegemea jibu la nambari nzima. Anayetaka kujua ukurasa wa katikati wa kitabu, au kugawa foleni ya watu katika makundi, huhitaji nambari nzima, si 3 na nusu. Badiliko la ghafla lingeziharibu programu hizo.

Na uharibifu wenyewe ungekuwa wa aina mbaya kuliko zote. Programu inayokwama hujulikana, kwa kuwa mwenyewe huiona na kuirekebisha. Inayotoa jibu lisilo sahihi bila kukwama huweza kuaminiwa kwa miaka mingi. Kwa maneno mengine, dawa ilikuwa na madhara sawa na ya ugonjwa.

Suluhisho lilipatikana kwa kugawa safari katika hatua. Toleo la 2.2, lililotoka Desemba 2001, lilileta alama mpya ya mikwaju miwili, iliyomaanisha waziwazi kugawanya na kutupa kinachobaki. Mkwaju mmoja uliendelea na tabia yake ya zamani kwa muda. Aliyehitaji nambari nzima aliweza kuanza mara moja kutumia mikwaju miwili, akiwa na hakika kwamba maana yake haitabadilika kamwe.

Kwa wale waliotaka kanuni mpya papo hapo, palikuwa na mlango maalumu. Mwaka huohuo, toleo la 2.1 lilikuwa limeanzisha utaratibu wa kuandika mstari mmoja mwanzoni mwa faili, kuomba tabia itakayokuja siku za usoni. Utaratibu huo ulitumiwa kwanza kurekebisha jinsi kazi ndogo iliyo ndani ya nyingine inavyoyaona majina ya iliyo nje yake. Sasa ukatumiwa kwa hesabu ya kugawanya pia.

Fauka ya hayo, mwandishi aliweza kuiagiza Python imwonye kila mahali nambari nzima mbili zilipogawanywa kwa mkwaju mmoja. Kwa njia hiyo, angezipitia programu zake taratibu, mstari baada ya mstari, kabla ya siku ya mabadiliko kuwadia.

Umuhimu wa subira hiyo ulidhihirika miezi michache baadaye. Toleo dogo la 2.2.1, la Aprili 2002, lilitarajiwa kuwa la marekebisho pekee. Lakini ndani yake mlitiwa maneno mawili mapya, True na False, ya kuwakilisha kweli na uongo. Yalionekana kuwa nyongeza isiyo na madhara.

Tatizo ni kwamba programu zilizoandikwa kwa kutumia maneno hayo katika 2.2.1 zilikataa kufanya kazi katika 2.2 ya kawaida, ingawa matoleo hayo mawili yalidhaniwa kuwa kitu kimoja. Aliyekuwa na ile ya awali hakuelewa kwa nini programu ya jirani yake inamkwamia. Toleo la marekebisho lapasa kuziba nyufa na kuishia hapo. Likianza kuongeza vyumba, watumiaji hawajui tena ni toleo lipi la kulitegemea.

Python 3.0 ilitoka Desemba 3, 2008, na hapo ndipo 1 kwa 2 ikawa nusu kwa kila mtu. Toleo hilo lilikusudiwa kusafisha kasoro nyingi za miaka ya mwanzo kwa pamoja. Maandishi yote yakawa ya Unicode, na baiti zikatengwa kuwa aina yake ya pekee. Hata amri ya kuchapisha maneno kwenye skrini ilibadilishwa namna ya kuandikwa, hivyo programu nyepesi kabisa ya kusalimu, iliyoandikwa kwa mtindo wa zamani, haikufanya kazi.

Inashangaza kwamba hesabu ya kugawanya, iliyozua mjadala mkali mwaka 2001, haikuwa kikwazo kikubwa wakati wa kuhama. Ilikuwa imetangazwa na kupewa alama mbadala miaka saba kabla. Kilichowasumbua wengi ni maandishi, kwa sababu kasoro yake ilikuwa imefunikwa kwa miaka minane, na kila programu ilibidi ichunguzwe upya kujua wapi pana herufi na wapi pana baiti tupu.

Kuhama huko kulichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Toleo la 2.7, la mwisho katika ukoo wa zamani, lilitoka Julai 2010 na lilipangiwa kutunzwa hadi 2015. Mwaka 2014 muda huo uliongezwa hadi 2020, kwa kuwa mashirika mengi yalikuwa bado hayajavuka. Toleo la kuagana, 2.7.18, lilitolewa Aprili 2020. Kwa jumla, koo mbili za lugha moja ziliishi bega kwa bega kwa zaidi ya miaka 11.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mwaka 1991 Python ilikuwa na watumiaji wachache, na kubadilisha maana ya alama moja kungewaudhi watu wasiojaza ukumbi. Kufikia 2008 ilikuwa ikitumiwa kote duniani. Lakini mwaka 1991 hakuna aliyejua ni alama ipi ingeleta taabu, kwa kuwa taabu yenyewe huletwa na wingi wa watumiaji.

Kwa yeyote anayesimamia mfumo unaotegemewa na wengine, uwe ni wa alama za mitihani, mishahara au rekodi za wagonjwa, miaka hiyo ya mwanzo ya Python inatoa mwongozo: kiri kasoro mapema, weka njia mbadala kabla ya kuifunga ya zamani, toa onyo panapohusika, kisha mpe mtumiaji muda wa kuvuka. Hesabu ya kugawanya ilipitia hatua hizo zote, ikavuka salama. Maandishi hayakupitia, na gharama yake ililipwa kwa miaka mingi.